Ukuta wa Kaskazini

Isiolo,
6 Januari 2024

Mzee mwenzangu Samatar,

Habari za huko kwenye baridi? Sisi tuko salama, ila jua limeanza kutukausha na majirani wa Kipsing wameshaanza kuulizana maji ya nani ni ya nani.

Nilikuandikia kwamba tangu mke wangu Gacheri afariki usingizi umenikimbia. Binti yangu Makandi akasema atanipeleka mahali. Nilidhani ni hospitali. Kumbe ni kambi huko juu kwenye mashamba ya chai, ambako watu hukaa siku kumi bila kusema neno. Wanaiita Vipassana. Asili yake ni kwa Wabudha, lakini hakuna aliyeniuliza dini yangu wala aliyeniambia niiache.

Siku za kwanza unaangalia pumzi tu, inavyoingia puani na kutoka. Mwalimu mkuu mstaafu, mzee wa kanisa, ameketi anachunga pua yake. Baadaye unafumba macho na kuipitisha akili mwilini, kutoka utosini hadi vidole vya miguu, sehemu kwa sehemu. Hapa pana joto, hapa panawasha, hapa panauma. Ni kama daktari wa mifugo mnadani anavyomkagua ng'ombe kutoka pembe hadi kwato, isipokuwa ng'ombe ni wewe. Hukipendi unachokikuta na hukichukii. Unaona kinakuja, unaona kinaondoka.

Tuliapa pia kutosema uongo. Nilikitimiza kiapo hicho bila shida, kwa sababu sikuwa nikisema kitu.

Karibu na mwisho nilimkuta Gacheri chini ya ubavu wa kushoto, uzito wa kiasi cha ngumi. Nilikaa nao. Nikalia bila sauti na hakuna aliyenipa kitambaa wala pole. Ulihama kidogo, ukalegea. Sasa ninalala, si sana, lakini ninalala.

Hapa mjini wananicheka. Mwirigi wa miraa alinikuta barazani nimefumba macho, akaniambia, "Mwalimu, hiyo umekula ni ya wapi? Tuonjeshe." Dada yako Habsa naye, akipita na maziwa yake ya ngamia, aliniuliza kama nimegeuka kuku, kulala jua likiwa juu.

Wewe usinicheke. Ulisoma vitabu vingi kuliko sisi sote wa darasa lile, niambie unaonaje.

Wako,
Kirigia


Sheffield,
29 Januari 2024

Ndugu yangu Kirigia,

Barua yako nimeisoma nimesimama jikoni, na chai ikapoa. Sikucheka. Sababu ni kwamba na mimi hukaa, kila asubuhi, kwa zaidi ya miaka ishirini sasa, na sijawahi kumwambia mtu wa nyumbani.

Kiwanda cha chuma kilipotufukuza nilipata kazi ya kupanga vitabu katika maktaba ya mtaa. Mmoja wa wasomaji alinialika kwenye chumba kidogo juu ya duka la baiskeli, ambako watu wachache hukutana jioni. Njia yao ni Zen. Nayo ni ya Wabudha, ila ilipitia China na Japani kabla ya kufika juu ya baiskeli zile, na njiani nadhani iliangusha mizigo mingi. Unakaa juu ya mto mgumu ukielekea ukuta. Macho hayafumbwi, yanabaki nusu wazi na kutazama chini. Huipitishi akili mwilini wala hutafuti kitu. Kichwa kikipiga kelele, ni kelele. Goti likiuma, ni goti.

Anayeanza huambiwa ahesabu pumzi, moja hadi kumi, kisha arudi moja. Hapo nilikwama. Unamkumbuka bibi yangu? Alitukataza kuhesabu ngamia, watoto, na kitu chochote kilicho hai, maana kukihesabu ni kukiitia balaa. Na pumzi, Kirigia, ni kitu hai kuliko ngamia. Kwa majuma mengi nilijifanya ninahesabu. Mwalimu wetu, mama mmoja aliyekuwa akifundisha muziki, aliponiuliza nafika ngapi, nilimwambia kwetu hatuhesabu kinachopumua. Akasema, "Basi kaa tu." Baadaye nikajua kwamba kukaa tu ndiyo sehemu yao ngumu zaidi, na wengine huingoja miaka. Mimi niliingizwa na marufuku ya bibi.

Kwa hiyo tofauti naiona hivi. Wewe unafundishwa kumkagua kila mnyama. Mimi nafundishwa kuketi ambapo zizi zima liko mbele yangu, nisiguse hata mmoja. Sijui nani kati yetu atajua mapema mmoja akiugua.

Chumbani kwangu nakaa nikielekea ukuta wa kaskazini. Kusini pana dirisha na mashariki pana kitanda.

Sasa jambo kubwa. Nimeamua kurudi mwezi wa saba, na safari hii si kutembea. Nilitoka hapo 1967, wakati wa vita, ng'ombe wa baba wameshachukuliwa na askari na kijiji kimezungushiwa waya, nikaenda kukaa na mjomba kwa muda. Muda huo haujaisha hadi leo. Sikujaliwa mtoto. Nina chumba cha kukodi hapa na nina Habsa. Ameniahidi chumba cha uani. Kisipokuwepo hicho, sina kwingine pa kurudi.

Habari hii ya ukuta usimfikishie Habsa. Nitamweleza mwenyewe, tukiwa na chai mbele yetu.

Wako daima,
Samatar


Isiolo,
24 Februari 2024

Mzee mwenzangu,

Karibu nyumbani kabla hata hujafunga sanduku. Nilimsomea Makandi kwenye simu sehemu ya bibi yako, akacheka hadi akakohoa.

Nimejaribu Zen yako kwa wiki moja. Nilielekea ukuta wa sebuleni, macho nusu wazi kama ulivyosema. Siku ya kwanza niliona siafu mmoja. Siku ya pili niliona kwamba fundi aliyepiga plasta alinidanganya. Siku ya tatu nilikuwa nimeshampigia simu. Samatar, mimi nikiacha macho wazi ninakuwa mwalimu mkuu, nasahihisha. Nikifumba, kuna kazi ya kufanya ndani na siwezi kumsahihisha mtu. Tena naona hivi: ninyi mnaambiwa mmeshafika, kaeni. Sisi tunaambiwa twendeni polepole, tutafika. Mtu aliyefiwa hawezi kuambiwa ameshafika. Anataka apewe njia, hata kama ni ya kutoka utosini kwenda kisiginoni.

Sasa, usikasirike. Nimemwambia Habsa.

Sikupanga. Alinikuta tena barazani, akaanza ule utani wake wa kuku mbele ya watu. Ulimi ukateleza. Nikamwambia, "Unanicheka mimi, na kaka yako anakaa hivihivi kila asubuhi ameelekea ukuta." Utani ukamwisha usoni. Akauliza jambo moja tu: "Anaelekea wapi?"

Nikajibu upesi, "Kaskazini."

Nimekua na ninyi tangu utoto. Najua kila Mwislamu wa mji huu akiswali anatazama kaskazini, upande wa barabara ya Archers Post. Na kweli alifurahi. Alinimiminia kikombe cha maziwa akakataa nilipe, akaondoka amenyooka kama msichana. Sasa nusu ya mtaa wa Bula Pesa wameshaambiwa kwamba Samatar, pamoja na miaka yote hiyo kwa Wazungu, kila alfajiri anaelekea kaskazini.

Kwa hiyo njia nimekusafishia. Utanishukuru ukifika.

Wako,
Kirigia


Isiolo,
22 Machi 2024

Walaal Samatar,

Asalaam aleikum. Ramadhani karim. Mimi na watoto wa watoto tuko wazima.

Naandika kwa mkono wangu na kwa Kiswahili kwa sababu Kisomali chetu hatukufundishwa kukiandika, na kwa simu hausikii, unajibu mambo mengine.

Juzi baada ya tarawehe tulikuwa wanawake tumekaa nje ya msikiti. Nikawaambia tena vile wewe unaelekea kaskazini kila asubuhi. Nafiso wa mkate akasema mashallah. Ustadh Abdinur alikuwa anavaa viatu, akasikia. Si mtu mbaya, ni kijana mwenye adabu. Akasema, "Mama Habsa, kutoka Uingereza kibla ni kusini mashariki." Akatoa simu yake ikaonyesha mshale. Akasema huko kaskazini kwao ni barafu tu. Nafiso alianza kutafuta ufunguo ambao alikuwa ameushika mkononi.

Sikulala usiku huo.

Kitanda chako nilikuwa nimemwagiza fundi Kanchoro. Mbao alikuwa ameshapima. Nimemwambia angoje kwanza.

Wewe ni mkubwa wangu na sikuwahi kukuuliza maisha yako ya huko. Lakini hii ni nyumba yangu, na watoto wanalala humo. Niambie ukweli wote. Kwa huo ukuta kuna nini? Na unamwomba nani?

Dada yako,
Habsa


Isiolo,
26 Machi 2024

Samatar,

Nimeharibu. Habsa atakuwa amekuandikia. Mimi ndiye niliyesema kaskazini kwa sauti ya mtu anayejua, na jiografia niliifundisha mimi mwenyewe kwa miaka mingi, mpira wa dunia juu ya meza, watoto nikiwachapa wakikosea.

Jana nilienda kwake kutengeneza. Nikamwambia, "Mama, kaka yako pale ukutani haombi kitu." Nilidhani atatulia. Akaniambia, "Mtu asiyeomba kitu ana kiburi." Nikasema hapana, yeye anakaa tu. Akasema, "Hata fisi anakaa tu." Kisha akaniuliza kama nimefunga. Nikasema mimi ni Mmethodisti. Akasema basi niende nyumbani nikale.

Kila asubuhi, mwisho wa kukaa kwangu, tunafundishwa kuwatakia watu heri, mmoja mmoja. Ninaanza na Habsa. Nakiri kwamba kumfikia kunachukua muda.

Andika kwake, si kwangu.

Kirigia


Sheffield,
14 Aprili 2024

Habsa, walaal,

Waaleikum salaam. Iddi yangu niliila kwa jirani wa Hargeisa, wali na mbuzi, na walikuulizia.

Umeniuliza nini kiko ukutani. Kuna karatasi ya rangi ya maziwa. Kuna msumari ambao aliyekaa humu kabla yangu aliuacha. Chini, karibu na sakafu, kuna alama ya unyevu. Hakuna sanamu, hakuna picha, hakuna mshumaa.

Swala tano ninaswali katika kona iliyo kati ya dirisha na kitanda, ambayo ni kusini mashariki, juu ya mswala ule alionipa mama, hooyo wetu. Ustadh wako amesema kweli. Kirigia hakukudanganya, mimi ndiye niliyemwambia kaskazini, na yeye akaisikia kwa sikio la Isiolo. Usimkasirikie sana.

Pale ukutani simwombi mtu. Ninakaa. Nitajaribu kukueleza, ingawa wenzangu wa hapa husema jambo hili likielezwa huharibika.

Nilipofika nchi hii nilikuwa na kelele kichwani. Nilisikia kwato za ng'ombe wa baba zikiondoka, hata ndani ya kiwanda, ambako hutasikia mtu akikupigia kelele sikioni. Niliposwali ulimi ulisoma na miguu ilikuwa imesimama Isiolo, kando ya waya. Nilikuwa kila mahali isipokuwa pale nilipokuwa. Kukaa ukutani hakukuondoa kelele. Kulinifundisha kukaa chumba kimoja nazo. Baada ya miaka kadhaa niligundua kwamba nikisema Allahu Akbar, anayesema yupo pale. Sisemi ninakaa kwa ajili hiyo. Mwalimu wetu hukataa kabisa kusema ni kwa ajili ya kitu. Ninakueleza kilichotokea tu.

Kirigia anafumba macho na kujikagua, kwa sababu ana jeraha jipya na anahitaji kuligusa taratibu. Langu ni la zamani. Limeshakuwa sehemu ya nyumba.

Ningeweza kukuandikia kwamba nimeacha, kisha nije nikae kimyakimya mlango nimeufunga. Sitaki kuingia kwako na kitu nilichokificha. Siahidi kuacha. Ukiona chumba hakiwezekani, niambie wazi, nitabaki hapa na hutasikia lawama kutoka kwangu, mwaka huu wala mwaka mwingine.

Kaka yako,
Samatar


Isiolo,
23 Mei 2024

Walaal Samatar,

Asalaam aleikum. Barua yako ilichelewa kwa mvua. Barabara ya Garbatulla ilikatika na maziwa hayakufika siku nyingi, tulikaa mikono mitupu.

Hiyo mikono mitupu ndiyo ilinipa nafasi ya kusoma. Nimesoma mara tatu. Mengine sikuelewa. Huyo mwalimu wenu sijui anataka nini na watu wazima.

Lakini nilikumbuka baba. Wewe ulikuwa umeshaondoka. Ng'ombe walipokwisha, alikuwa anatoka asubuhi anakaa nyuma ya nyumba, anatazama lile boma tupu mpaka jua lipande. Hooyo alitukataza kupita mbele yake. Hakuna mtu hata mmoja aliyemwuliza anaelekea wapi. Halafu alikuwa anasimama, anakung'uta kikoi, anaenda kutafuta kibarua. Mimi nilikuwa mdogo, nilidhani anangoja ng'ombe warudi. Sasa nimekuwa mzee kuliko yeye alivyokuwa, na sidhani hivyo.

Kwa hiyo njoo. Masharti ni haya. Mlango usifungwe, watoto waone hakuna kitu cha siri. Wakati wa swala ni wa swala. Ustadh akikuja na maswali utamjibu mwenyewe, mimi nimechoka na mishale.

Kanchoro ameendelea na kitanda. Ameuliza urefu wako nikamwambia sijui, ulikuwa mrefu.

Kirigia bado sijamaliza naye. Alikuja kununua maziwa nikamwambia yameisha, na jeriken iko mbele yake. Alisema asante akaenda. Ile fumba macho yake labda inasaidia.

Habsa


Isiolo,
10 Agosti 2024

Ndugu yangu Kirigia,

Hii nampa Makandi akukabidhi utakapotoka kambini na kuruhusiwa kusoma tena. Uliondoka Jumatatu ya juma lililopita, ndege yangu ikafika Jumatano. Watu wawili wanaopendana wanawezaje kupishana hivyo baada ya miaka yote hii, mimi sijui. Habsa anasema umenikimbia.

Kitanda ni kifupi. Kanchoro anakuja kukiongeza.

Asubuhi, baada ya alfajiri, ninaukunja mswala, ninageuka na kukaa. Ukuta ulionibakia hapa ni wa kusini, wa bati, na nyuma yake kuna kuku. Mlango uko wazi kama ilivyoamriwa. Siku za mwanzo watoto walijipanga kizingitini, wakanong'onezana kama napumua, kisha wakachoka. Nafiso wa mkate naye alisimama pale.

"Ni mgonjwa?" akauliza.

"Anakaa tu," Habsa akasema.

"Analipwa?"

"Halipwi."

"Basi hiyo ni kazi ya wanaume."

Ustadh Abdinur alikuja Ijumaa. Nilikuwa nimepanga maneno yangu tangu Sheffield, hata mpangilio wake. Sikupata nafasi. Alikuwa hajamaliza salamu Habsa alipomwekea kikombe mkononi na kumwambia, "Swala tano anaswali, nimeziona kwa macho yangu, na upande ni wenyewe. Hiyo nyingine ni mambo yake na kichwa chake. Kunywa chai." Yule kijana akanywa chai. Akaniuliza kwa upole kuhusu vitabu, na alipokuwa akiondoka, mlangoni, akaniuliza kama kukaa hivyo kunamfaa mtu asiyepata usingizi. Nikamwambia amngoje Mwalimu Kirigia, hilo ndilo somo lake. Kwa hiyo ukifika una mwanafunzi, na Habsa amesema sasa anaweza kukuuzia maziwa, kwa sababu umekaa siku kumi bila kusema.

Mwenye nyumba wa Sheffield nimemwandikia achukue chumba chake.

Kuna jambo moja nataka kukuambia, maana kwa upande wa njia yangu sina wa kumwambia hapa. Kule juu ya baiskeli muda ukiisha mama wa muziki aligonga kengele ndogo ya shaba, na tuliinama, tukaondoka. Hapa muda wangu unaisha lori la maziwa likifika. Habsa yuko uani, amefukiza jeriken zake kwa moshi wa kuni, mikono imejaa, na anaita bila kugeuka: "Samatar." Analiita kama hooyo alivyoliita, anaivuta ile silabi ya mwisho. Kwa miaka yote ile jina langu lilitamkwa na wasimamizi wa zamu, makarani na madaktari, na wote walilitamka vizuri tu.

Jana nilijikuta sikai tena. Nilikuwa nimeketi nikingoja kuitwa. Zen ingeniambia nisiongeze kitu juu ya hilo. Wewe ungeniambia niitazame hamu hiyo inavyopanda, niitazame inavyoshuka, niiache ipite.

Ilipanda. Sikuiacha ipite. Nilisema, "Naam," nikaenda kubeba maziwa.

Wako,
Samatar